Kabla hujasema ni jinsia, niambie damu ulitoa saa ngapi

Alhamisi iliyopita nilikaa kiti cha nyuma kwenye mazoezi ya uwasilishaji ya wanafunzi wetu wa uzamili. Kijana mmoja mchapakazi, mwenye mkono mtulivu wa pipeti kuliko niliokuwa nao mimi katika umri wake, akaonyesha slaidi yenye nguzo mbili. Ya wanaume ndefu, ya wanawake fupi. Chini yake ameandika kuhusu tPA, protini inayowasha uyeyushaji wa mabonge ya damu: "Wanaume wana tPA nyingi kuliko wanawake, kwa hiyo damu yao huyeyusha mabonge haraka zaidi." Wenzake wakanakili. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nilimwita pembeni tukaongea, na slaidi imebadilishwa. Lakini huyo ni wa nne kuniletea sentensi ile ile ndani ya miaka mitatu, na kila nikiuliza damu ilitolewa saa ngapi, naonyeshwa dodoso zuri lenye kila kitu isipokuwa saa. Nikalala vibaya usiku ule. Nawapenda, wadogo zangu, na ndiyo maana sina subira nanyi katika jambo hili.

Naandika kwa ninyi mnaoingia maabara ya ugandaji wa damu mwaka huu. Plazminojeni (ambayo tPA huigeuza kuwa plazmini) mnaijua, plazmini (inayokata bonge) mnaijua, D-dima (vipande vinavyobaki bonge likiyeyuka) mmeshaipima hadi vidole vimechoka, sitarudia. Ninachotaka kiwakae ni kimoja: tofauti kati ya wanawake na wanaume wenye afya kwenye mfumo wa kuyeyusha mabonge ipo kweli, nimeiona kwenye tyubu kwa macho yangu, lakini ni ndogo na imezungukwa na majirani wakubwa wenye kelele. Saa ya siku. Kiuno. Homoni. Mimba. Hata ngazi za jengo lenu. Usipowanyamazisha majirani hao, utasikia sauti yao na kuandika kwamba umemsikia mwanamke au mwanamume.

1. tPA nyingi si uyeyushaji mwingi.

ELISA ya antijeni, kipimo kinachohesabu protini bila kujali kama inafanya kazi, huhesabu tPA yote, iliyo huru na iliyokwisha kukamatwa na PAI-1, protini inayoizima. Kwa mtu mwenye afya aliyetulia kitini, iliyo nyingi imekamatwa. Ile iliyo huru ini huiondoa haraka, nusu yake hutoweka kwa dakika kama 5. Iliyofungwa pamoja na PAI-1 hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Kwa hiyo PAI-1 ikipanda, antijeni ya tPA nayo inapanda, huku kazi yenyewe ya tPA ikishuka. Ukihesabu bodaboda zilizozuiliwa kituo cha polisi, hesabu yako itakuwa kubwa na sahihi, lakini abiria barabarani bado anatembea kwa miguu.

Watafiti wa moyo wa Framingham kule Marekani walilionyesha hili vizuri mwaka 1995. Wanawake ambao bado wanaona siku zao walikuwa na antijeni ya PAI-1 na ya tPA chini kuliko wanaume. Waliokwisha kukoma hedhi walipanda kuelekea kwa wanaume. Waliokoma hedhi lakini wanatumia homoni ya estrojeni walibaki kama wale wa kwanza. Vyote viwili viko chini kwa mwanamke kijana, na maana yake ni kwamba mfumo wake uko huru zaidi kufanya kazi. Kwa hiyo, kijana wangu wa Alhamisi, namba zako zilikuwa sawa kabisa. Uliyoyasema juu yake ndiyo yaliyogeuka kichwa chini. Ukitaka kusema "haraka", pima kazi ya tPA, au pima bonge lenyewe linavyoyeyuka.

2. Saa.

Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Utafiti wangu wa kwanza ulikuwa huu huu mnaoufanya. Watu wazima wenye afya, wanaume 40 na wanawake 40, muda wa kuyeyuka kwa bonge la yuglobulini (protini za plazma, yaani maji ya damu, zinazotengwa kwa asidi; namna yake iko namba 10) pamoja na antijeni ya PAI-1. Wanaume niliwapata kwenye kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara na kwenye jengo lililokuwa likijengwa jirani. Sharti lao lilikuwa moja: niwatoe damu mapema kabla kazi haijachanganya. Saa moja asubuhi wamekwisha panga foleni, hawajatia kitu tumboni, wanataniana nani atazimia akiona sindano. Wanawake wengi walikuwa mama lishe na wauza vitenge wa sokoni. Saa moja asubuhi mama lishe ana chapati kikaangoni na wateja wanamtazama, anaondokaje? Walikuja wateja wa mchana walipopungua, saa nane, saa tisa, wamekwisha kula, aproni bado zina unga. Nilishukuru kwamba wamekuja, na kwa kushukuru huko sikujiuliza lolote.

Anayeujua mfumo huu ameshaona shimo. Na mimi nilikuwa nalijua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilikuwa nimesoma kwamba PAI-1 hupanda alfajiri, hushuka kadiri siku inavyokwenda, na mchana hadi jioni iko chini. Nilikuwa nimeipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Nilijua hata kwamba mishtuko ya moyo hutokea zaidi asubuhi, na kwamba huenda haya mawili yanahusiana. Baadaye, mwaka 2014, watafiti wa Boston walionyesha kwamba kilele cha PAI-1, karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kinaendeshwa na saa ya mwili yenyewe, hata ukimvurugia mtu ratiba ya kulala na kula. Lakini mimi niliyasoma hayo kama mambo ya wagonjwa wa moyo. Sikuyabeba mpaka kwenye benchi nililokuwa nimewakalisha watu wangu wenyewe.

Usiku niliopima kundi la kwanza nilikuwa peke yangu na wota-bathi ya nyuzi 37. Mabonge ya akina mama yalianza kulegea, moja baada ya jingine, yakawa maji. Ya wanaume yalikaa chini ya tyubu kama uji uliolala. Niliinua rafu kwenye taa, nikairudisha, nikaiinua tena. Nilimpigia simu mama yangu usiku ule nikamwambia nimepata kitu. Alikuwa ameshalala, akaniombea.

Nilifanya takwimu zote. Thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) ilikuwa ndogo hadi nikaona fahari. Nikaandika sura nzima ya mjadala kuhusu estrojeni na mishipa ya damu, na ilikuwa imeandikwa vizuri.

Siku ya kuwasilisha idarani, mzee mmoja wa maabara, fundi sanifu wa zamani aliyekuwa amebakiza mwaka kustaafu, ndiye aliyeuliza. Hakuwa na shahada ya tatu wala ya pili. Akasema, "Mwanangu, hongera. Damu ya akina mama ulitoa saa ngapi?"

"Mchana, mzee."

"Na ya wanaume?"

Nilipofungua mdomo kujibu, nikasikia jibu langu kabla halijatoka. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akasema kwa upole mkubwa: "Basi mwanangu, umepima jua."

Ukumbi ulikuwa kimya. Angenifokea ingekuwa afadhali.

Nilidhani bado nina njia. Kulikuwa na wanaume wachache waliokosa zamu ya asubuhi wakaja mchana, na wauza vitenge kadhaa waliopita asubuhi wakienda kufungua. Hao waliovuka mstari wangeweza kuniambia tofauti ipi ni ya jua na ipi ni ya jinsia. Nilihitaji tu kuwatambua kwa saa zao. Nikafungua daftari la sampuli.

Mimi nilikuwa nikiandika saa kama zinavyosomeka ukutani. Msaidizi wangu alikuwa akiandika kama tunavyosema midomoni. Kwa hiyo 2:15 yangu ilikuwa saa nane na robo mchana, na 2:15 yake ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. 8:15 yangu asubuhi, 8:15 yake mchana. Mwandiko ungetuokoa, lakini daftari lile lilikuwa limenakiliwa upya na mtu wa tatu ili lipendeze mbele ya wakaguzi, na la kwanza, lenye madoa ya chai na ukweli wote, lilikuwa limetupwa. Nilikaa na kurasa zile siku mbili. Nilijaribu kukisia kwa namba za washiriki, kwa tarehe, kwa kumbukumbu ya nani alivaa nini. Kisha nikaelewa kwamba ninachofanya ni kuchagua namba zinazonifaa, nikafunga daftari.

Msimamizi wangu alinipa uamuzi: nieleze udhaifu kwenye aya moja nimalize, au nirudie. Kuna watu wazuri wangechagua aya moja, siwahukumu. Mimi sikuweza, kwa sababu ya mama mmoja.

Huyu alikuwa mama lishe wa makamo, anaogopa sindano kiasi kwamba alinishika mkono wa kushoto kwa nguvu wakati nachoma kwa mkono wa kulia. Alitoa damu kwa sababu nilimwambia itatusaidia kuwajua wanawake. Nikarudi sokoni kumweleza. Nilimkuta anakatakata vitunguu. Nikamwamkia, nikamwambia kosa ni langu, kwamba saa hazikulingana, kwamba sampuli zile haziwezi kujibu swali. Alinisikiliza bila kuinua kichwa, kisha akauliza, "Kwa hiyo damu yangu mmeimwaga?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akaendelea kukata. Baada ya muda akasema, "Sasa wewe unakuja kila siku za kazi. Jumapili mimi sipiki. Nasali misa ya pili. Saa moja asubuhi ningekuja, ungeniuliza tu."

Ungeniuliza tu. Miezi yote ile nilikuwa nimechukulia kwamba akina mama hawawezi asubuhi. Nilikuwa nimeuliza lini wana nafasi wiki ya kazi, nikaridhika. Jumapili iliyofuata alikuja yeye na wenzake sita, wamevaa nguo za kanisani, wakakunja mikono ya magauni. Wanaume wa kijiweni nao niliwahamishia Jumapili, saa zile zile, wote hawajala. Ilichukua mwaka mzima kukamilisha.

Na tofauti ilibaki. Ilikuwa imepungua sana, haikuwa tena ya kumpigia mtu simu usiku, lakini ilibaki, na ilikaa zaidi kwa wanawake ambao bado wanaona siku zao. Hiyo naiamini.

Kwa hiyo: saa 24 kwenye kila fomu, 07:30 na 14:15, na daftari la kwanza halitupwi hata likiwa na madoa.

3. Waulize wanawake maswali ya wanawake.

Kwenye ule mzunguko wa kwanza nilikuwa na safu iliyoandikwa "hedhi". Karibu nusu ilikuwa tupu. Mimi ni mwanamke, na bado nilishindwa. Utamtazamaje mama wa rika la mama yako, umemwambia shikamoo, amekuitikia marahaba mwanangu, kisha umuulize kama bado anaona mwezi? Nikawa naruka. Muuguzi mmoja ndiye aliyenifundisha namna: sema kwanza kwa nini unauliza. "Mama, damu ya mwanamke hubadilika siku zake zikikoma, nisipojua nitaisoma vibaya. Bado unaziona?" Hakuna aliyewahi kukasirika. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anauliza kwa sababu ya maana.

Vijana wa kiume, nanyi mnaweza kuuliza, ila muwe na muuguzi au mwenzenu wa kike karibu, na pasiwe na foleni inayosikiliza.

Kisha dawa. Usiulize "unatumia dawa yoyote?" Utajibiwa hapana, na hapana hiyo ni ya kweli kwa anayejibu, kwa sababu dawa ni ya mgonjwa na yeye si mgonjwa. Taja kimoja kimoja: vidonge vya majira, sindano ya miezi mitatu, kijiti, kitanzi. Niliporudia utafiti, wanawake wale wale waliosema hawatumii kitu walinitajia vijiti na sindano kama wanavyotaja aina za mchele. Vidonge vyenye estrojeni na projestini hushusha PAI-1 na antijeni ya tPA, hupandisha plazminojeni, hupandisha TAFI (protini nyingine inayozuia uyeyushaji), na D-dima hupanda kidogo. Sindano na kijiti havina estrojeni, kwa hiyo msiviweke kapu moja na vidonge mkaandika "uzazi wa mpango: ndiyo". Ukiwachanganya wote hao na wasiotumia chochote, ukawaita "wanawake", umetengeneza mtu asiyeishi mahali popote.

Mimba ni dunia yake. PAI-1 hupanda mara kadhaa, kondo huongeza PAI-2, ndugu yake PAI-1, ambayo kwa mwanamke asiye na mimba haionekani kwa urahisi, D-dima hupanda, na uyeyushaji unapungua. Mwili unajiandaa kwa jeraha kubwa la kuzaa. Kondo likishatoka, breki hizo huanza kulegea ndani ya saa chache. Pima mimba kwa kila mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa kabla hujamwandika "mtu mzima mwenye afya, kundi la kawaida". Ana afya, ndiyo, ila si kundi hilo.

Na msifikiri haya ni mambo ya karatasi. Utako Okamoto wa Japani alipoileta asidi ya traneksamiki mwaka 1962, alichotaka ni kuwaokoa wanawake wanaotoka damu baada ya kujifungua. Dawa hiyo huziba zile nafasi ambazo plazminojeni hushikia fibrini, yaani nyuzi za bonge, bonge likabaki mahali pake. Jaribio kubwa la kuthibitisha wazo lake lilitoka mwaka 2017: wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Vifo vya kutokwa damu vilikuwa asilimia 1.9 kwa waliopewa dawa ya kuigiza (plasebo) na 1.5 kwa waliopewa dawa, na faida ilikuwa kwa waliopewa ndani ya saa 3. Okamoto alifariki mwaka mmoja kabla ya matokeo. Kila ninapoeleza PAI-1 kwa mwanafunzi aliyechoka namkumbuka huyu mama, na nawaambia waangalie vizuri: mfumo huu unaoupima kwa tyubu ndogo ya bluu ndio unaoamua nani anatoka leba akiwa hai.

4. Turniketi, mpira wa kubana mkono, isizidi dakika moja.

Ukiibana mishipa, kuta zake zinamwaga tPA. Ndivyo kipimo cha zamani cha kubana mkono kilivyofanya kazi. Mishipa ikikataa, fungua, subiri, hamia mkono wa pili.

5. Dakika 20 za kukaa kitini kabla ya sindano.

Aliyepanda ghorofa tatu mbio ana tPA iliyopanda kama ya mwanariadha aliye mbioni.

6. Zungusha mara mbili kwenye sentrifuji.

Sehemu kubwa ya PAI-1 yote iliyomo kwenye damu, karibu tisa kwa kumi, imefichwa ndani ya plateleti, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Plazma yako ikibaki na plateleti kisha ukaigandisha kwenye friza, zitapasuka ukiiyeyusha, na utapima PAI-1 ambayo mshiriki hakuwa nayo kwenye plazma yake. Wanawake kwa wastani wana plateleti nyingi kidogo kuliko wanaume, kwa hiyo uzembe wako hautagawanyika sawa. Utaegemea upande mmoja na utaonekana kama ugunduzi. Mizunguko miwili ya 1500 g, dakika 15 kila mmoja, na usinyonye hadi chini. Acha tone la mwisho. Nimeona watu wazima wenye familia wakipigania tone la mwisho la plazma kama ukoko wa pilau. Liache.

7. Pima kiuno, usiandike uzito tu.

Mafuta ya tumboni na ini lenye mafuta humwaga PAI-1, na insulini na trigliseridi (mafuta ya damu) zikipanda nayo hupanda. Hapa kwetu mjini hili lina mtego wake, na huwa silisikii kwenye mijadala yenu. Wanawake wengi wa mijini wana uzito uliozidi kuliko wanaume wa rika lao. Kwa hiyo hali ya homoni inashusha PAI-1 yao, kiuno kinaipandisha, na mwisho wake unapata wastani unaolingana na wa wanaume. Mwanafunzi anaandika "hakuna tofauti ya jinsia kwa Waafrika" na anafurahi amepingana na Ulaya. Hajapingana na mtu. Amepima nguvu mbili zinazovutana kamba na kuripoti kwamba kamba haisogei. Weka kiuno kwenye regresheni, hesabu inayotenganisha mchango wa kila jambo, kisha uniite tuangalie pamoja.

Na namba za PAI-1 ukizichora hazikai kwenye mstari wa kengele, nyingi katikati na chache pembeni. Zina mkia mrefu kulia. Tumia logi (logarithimu), au ripoti wastani wa kati. Nikiona tena wastani wa kawaida wenye mchepuo mkubwa kuliko wastani wenyewe, nitarudisha kazi bila kuisoma.

8. Sitreti.

Hili ni dogo, lakini nalipenda kwa sababu hakuna anayelihesabu. Tyubu ya bluu ina sehemu 1 ya sitreti, kemikali inayozuia damu isigande, kwa sehemu 9 za damu, si za plazma. Chukua damu mililita 2.7 juu ya sitreti 0.3. Mwanamume mwenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya asilimia 48 ameleta plazma mililita 1.40, na baada ya kuchanganyika, asilimia 82 ya kimiminika ni plazma yake. Mwanamke mwenye hematokriti ya 36 ameleta 1.73, na asilimia 85 ni yake. Kila protini ya mwanamke huyo itasomeka juu kwa karibu asilimia 3 kabla hujagusa kitu. Haitaangusha utafiti wako wa PAI-1. Ila ukija na tofauti ya plazminojeni ya asilimia 4 kati ya jinsia mbili, nitauliza hematokriti.

9. Usimpime mwenye mafua.

PAI-1 hupanda na homa, D-dima hupanda na malaria. Kipimo cha haraka cha malaria na cha CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe, ni bei ndogo kuliko aibu.

10. Yuglobulini.

Mnacheka mkisikia bado nafundisha kipimo hiki wakati kuna mashine. Sawa. Lakini hakuna mashine itakayowaonyesha bonge likifa. Plazma nusu mililita ndani ya maji baridi yaliyokenekwa, asidi ya asetiki hadi pH iwe karibu 5.9, inakuwa nyeupe kama tui. Zungusha, mwaga ya juu, geuza tyubu juu ya karatasi ya kuchuja hadi ikauke kabisa, kwa sababu zile chembechembe za maji zilizobaki ukutani zina antiplazmini (kizuizi cha plazmini) ambayo umejitahidi kuitoa. Yeyusha kwa buferi ya borati, weka kalsiamu, peleka kwenye nyuzi 37, angalia kila dakika 15. Kila dakika 15 maana yake kila dakika 15. Aliyekwenda kunywa chai akarudi akaandika "saa 2" hakuona kitu, amekisia. Plazma ikae kwenye barafu tangu ilipotoka mkononi, kwa sababu ndani ya tyubu PAI-1 inaendelea kuikamata tPA wakati wewe unasubiri gari. Kama unapima kazi ya tPA kwa vifaa vya kipimo vilivyopakiwa tayari, chukua damu kwenye sitreti yenye asidi, ile inayosimamisha ukamataji huo papo hapo.

Mambo ya jeni ya PAI-1, yale maumbo yake mawili yaitwayo 4G na 5G, tuyaache hadi mtakapojua kutoa damu.

Jumapili hii tunaanza kundi jipya. Washiriki wa kwanza wanafika 07:00, yaani saa moja kamili asubuhi, na fomu ina nafasi moja tu ya saa, ya tarakimu nne. Watakaa dakika 20. Mwanamke, mwanamume, mwanamke, mwanamume, kwa kupishana, hadi 09:00, kisha tunafunga hata kama foleni ipo. Sentrifuji nimeshaiwekea miadi. Yule mama wa misa ya pili amestaafu kupika, siku hizi binti yake ndiye mwenye banda, na amesema atakuja na wenzake watano. Kijana wangu wa Alhamisi, wewe utakuwa mezani kwa fomu. Utamwamkia kila mama, utamweleza kwa nini unauliza, na utamsubiri ajibu.